Fisi maji ananitoboa nyavu: nimuue, nimuuze ngozi au nimfuge?

*"Mtaalamu, mimi ni mvuvi wa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria. Nina mitumbwi miwili, migono (mitego) ya kambale na vizimba vitatu vya kufugia sato. Tangu mwaka jana fisi maji wananitoboa nyavu ninazotega karibu na mawe ya rasi. Asubuhi nakuta vichwa vya samaki vinaning'inia kwenye matundu, mwili hakuna. Wazee wanasema huyo si mnyama wa kawaida, ni fisi anayetumwa na wachawi. Kuna mtu anapita mwaloni, pale tunaposhushia samaki, anaulizia ngozi yake, anasema ni dawa na analipa vizuri. Jirani ananishauri nitie sumu kwenye samaki nimtegee. Kijana wangu naye ameona video ya wavuvi wa Bangladesh wanaovua kwa kutumia fisi maji, anataka tukamate watoto wao tuwafundishe kazi. Nifanye lipi?"*

Pole sana, ndugu yangu. Wavu ukitobolewa unapata hasara mara mbili: samaki waliokwisha kunasa wameliwa, na wewe unakaa mwaloni siku nzima unashona huku wenzako wakiuza. Kwa hiyo sitakuambia uvumilie tu. Hasara yako ni ya kweli na inaweza kupunguzwa sana.

Ila katika maswali yako yote, hakuna hata moja linalogusa kiini cha tatizo. Kuua, kuuza ngozi, kutia sumu, kufuga: binadamu wa nchi mbalimbali wamekwisha kuyajaribu yote haya kwa mnyama huyu, na matokeo yake yanajulikana. Kwa maelezo yako, wavu wako umekaa kwenye njia anayopita kila siku, tena saa anayoamka kutafuta riziki. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Nianze na jina, maana jina limemponza. Sisi tumemwita fisi, na fisi kwetu ana sifa mbaya: mla mizoga, mtembea usiku, kipando cha wachawi. Lakini huyu wa majini hana undugu na fisi hata kidogo. Ukoo wake ni ule wa nyegere na kicheche. Waarabu humwita *kalb al-maa*, mbwa wa maji, na watu wa Wales humwita *dyfrgi*, maana ileile. Katika Uajemi ya kale, maandiko ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya huko, yalimpa mbwa wa maji heshima kubwa kiasi kwamba aliyemuua alipangiwa viboko elfu kumi. Mnyama ni wa ukoo mmoja, ila kila taifa limemvika sifa za yule wa nchi kavu aliyefananishwa naye.

Sitawabeza wazee wako. Ukimwona jioni unaelewa walikotoa wazo hilo. Vichwa vitatu vinachomoza pamoja, vinakutazama, vinapiga mluzi mwembamba, halafu vinazama bila kishindo na kuibuka mahali usipotarajia. Hayo yote yana maelezo yake. Anapozama, pua na masikio yake hujifunga. Miguu yake ina utando katikati ya vidole kama bata, na mkia wake mnene ndio usukani. Sharubu zake ngumu huhisi maji yakitikiswa. Samaki aliyenasa wavuni hupapatika, na kupapatika huko hutikisa maji mfululizo. Kwa mwindaji wa namna hiyo, wavu wako ni kengele isiyonyamaza. Hakuna aliyemtuma. Umemwita mwenyewe bila kujua.

Sasa tuhakikishe kwanza mhalifu ni yeye. Tanzania ina fisi maji wa aina mbili. Wa kwanza, ambaye nadhani ndiye wako, ni mdogo: kilo 3 hadi 6, urefu wa kama mita moja ukijumlisha na mkia, rangi ya kahawia iliyoiva, na shingoni na kifuani ana madoa meupe au ya rangi ya maziwa yasiyo na mpangilio. Huyu huona vizuri ndani ya maji, huwinda zaidi mchana, hasa alfajiri na jioni, na chakula chake kikubwa ni samaki wadogo. Wa pili ni mkubwa, kilo 10 hadi 18 na wakati mwingine zaidi, mashavu na koo lake ni vyeupe, na vidole vyake vya mbele havina kucha wala utando. Anavitumia kama mtu anayepapasa chini ya jiwe gizani. Anapenda kaa na vyura, na hutoka zaidi usiku.

Nenda kwenye yale mawe ya rasi uangalie mavi yao. Fisi maji wana tabia ya kujisaidia mahali palepale kila siku, juu ya jiwe lililoinuka. Yakiwa yamejaa magamba na miiba ya samaki, ni yule mdogo. Yakiwa yamejaa vipande vya maganda ya kaa, ni yule mkubwa, na huyo huenda hana kesi na nyavu zako. Nyayo nazo husema: za mdogo zinaonyesha alama za kucha, za mkubwa zinafanana na vidole vya mtoto.

Uangalie na wavu wenyewe. Mamba akipita, tundu ni kubwa kiasi cha kupitisha mtu, na mara nyingi hata kamba ya juu imekatika au wavu wote umeburutwa. Kenge hula kwenye maji mafupi karibu kabisa na nchi kavu. Mnandi na korongo huacha samaki ametobolewa kwa mdomo, ngozi imechanwa lakini mwili upo. Tundu la ukubwa wa ngumi, nyuzi zimeng'atwa, kichwa kimebaki kimebanwa shingoni: hayo kwa kawaida ni meno ya fisi maji. Wengi huanza kumlaumu yeye kwa sababu ndiye wanayemwona mchana, kumbe baadhi ya matundu ni ya wengine. Ukikosea mshitakiwa, dawa yoyote utakayotumia haitafanya kazi.

Kwa nini kwenye mawe hasa? Hapa historia ya ziwa lenyewe inahusika. Zamani Ziwa Victoria lilijaa furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, na furu ndio walikuwa mlo mkuu wa fisi maji mdogo. Sangara akaletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshamiri na furu wa maji ya wazi walikuwa wamekaribia kwisha. Waliosalimika vizuri zaidi ni furu wa miambani, kwa sababu sangara mkubwa hawezi kuwafuata ndani ya nyufa. Fisi maji naye anabaki kule chakula kilikobaki. Maji yakichafuka kwa tope au magugu maji yakifunika ufukwe, anazidi kubanwa, kwa kuwa anawinda kwa macho. Kwa hiyo rasi yenye mawe na maji maangavu ni shamba lake, nyumba yake na mahali pa kulelea watoto. Ndipo ulipotandaza wavu.

Tuje kwa mnunuzi wa ngozi. Kitabibu hakuna ushahidi kwamba ngozi ya fisi maji inaponya ugonjwa wowote. Anayekuuliza bei anajua soko, hajui tiba. Na soko la ngozi ya mnyama huyu lina historia mbaya mno, nakuomba uisome taratibu.

Mwaka 1741 meli ya Vitus Bering, aliyekuwa akitumwa na Urusi, ilikwama kwenye kisiwa baridi kati ya Asia na Alaska. Mabaharia walionusurika walirudi nyumbani mwaka uliofuata wakiwa na ngozi za fisi maji wa baharini. Huyu ni wa aina nyingine, anaishi Pasifiki ya kaskazini pekee, na hana mafuta mazito chini ya ngozi kama nyangumi. Kinachomkinga baridi ni manyoya. Weka ukucha wa kidole gumba juu ya ngozi yake: eneo hilo dogo lina nywele zaidi ya 100,000, sawa au zaidi ya nywele za kichwa kizima cha mtu. Matajiri wa China walizilipia ngozi hizo pesa nyingi, na wafanyabiashara wa Urusi wakavamia visiwa vya Aleuti, karibu na Alaska. Wenyeji walikuwa wawindaji hodari wa mitumbwi ya ngozi. Wafanyabiashara waliwashika wake na watoto wao mateka ili wanaume waende kuwinda. Wavuvi wa visiwani walilazimishwa kumaliza bahari yao wenyewe, faida ikaenda mbali.

Inakadiriwa walikuwepo fisi maji wa baharini kati ya 150,000 na 300,000 kabla ya biashara hiyo. Mwaka 1911, Marekani, Uingereza kwa niaba ya Kanada, Urusi na Japani zilipotia saini mkataba wa kuwalinda, walikuwa wamebaki kama 2,000 tu. Halafu likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mnyama huyu hula robo ya uzito wake kwa siku, na sehemu kubwa ya mlo huo ni wale viumbe wa mwambani wenye miiba mirefu inayochoma ukikanyaga. Alipotoweka, wenye miiba waliongezeka wakala mwani wote. Utafiti wa miaka ya 1970 kwenye visiwa vya Aleuti ulilinganisha visiwa vyenye fisi maji na visivyo naye: penye yeye kulikuwa na misitu mirefu ya mwani, maficho ya samaki, pasipo naye palikuwa na mwamba mtupu.

Sisemi ziwa letu linafanya kazi kwa namna ileile. Ninachosema ni kwamba bei ya ngozi inamnufaisha anayeondoka nayo, na mabaki ya kazi hiyo anaishi nayo mvuvi. Kuna na jambo la sheria: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda au kumkamata mnyamapori bila kibali, na ngozi yake ni nyara za serikali. Hata kama mnyama alikufa mwenyewe ndani ya mgono wako, kuichuna na kuiuza ngozi ni kosa. Watu wamefungwa kwa nyara ambazo wao waliziona ni vitu vya bahati tu.

Sasa kijana wako. Alichokiona kwenye video ni cha kweli, na ni ufundi unaostahili heshima. Katika wilaya ya Narail na maeneo ya karibu na mikoko ya Sundarbans, kusini-magharibi mwa Bangladesh, kuna jamii za wavuvi wanaovua hivyo tangu enzi za mababu. Lakini video fupi haionyeshi mambo matatu.

La kwanza, fisi maji wa Bangladesh hawamkamatii mvuvi samaki. Wanafungwa kwa mikanda ya kifuani na kamba ndefu kwenye mwanzi, kwa kawaida wakubwa wawili, na wadogo wanaachwa huru wawafuate wazazi. Wavu mkubwa hushushwa kando ya mtumbwi, kisha wanyama wanapitishwa kwenye majani na mizizi ya ukingoni, mara nyingi usiku. Samaki na kamba waliojificha hutimka kwa hofu na kuingia wavuni. Yaani kazi yao ni ile ya watu wanaopiga maji kwa fimbo kuwasukuma samaki. Mbinu hiyo inafaa mito myembamba yenye majani mengi. Kwenye rasi yako ya mawe, yenye ziwa wazi upande wa pili, samaki watatimkia kilindini.

La pili, wanyama wale ni wa jamii nyingine, wakubwa kuliko wako, wenye kilo 7 hadi 11, na wamezaliwa mikononi mwa watu kizazi baada ya kizazi. Mtoto wa fisi maji aliyeng'olewa pangoni hawi hivyo. Mdogo wa shingo madoa hukaa na mama yake karibu mwaka mzima akifundishwa kuwinda. Ukimtoa, mara nyingi hufa kwa kuhara, nimonia au njaa ya maziwa yasiyomfaa. Akipona, kuna siku anakomaa, na meno yaliyoumbwa kuvunja mifupa ya samaki yanakutana na mkono wa mwanao.

La tatu ni hesabu. Fisi maji hula kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake kila siku. Mnyama wa kilo 5 anahitaji karibu kilo moja ya samaki kila siku, mvua au jua, msimu mzuri au mbaya. Wawili ni kilo mbili. Piga hesabu ya kilo mbili za samaki kwa siku 365, kwa bei ya mwalo wako, uone kama kuna wavu uliowahi kukugharimu hivyo. Hata Bangladesh kwenyewe familia zinazoendelea na kazi hiyo zimebaki chache, kwa sababu samaki wa mtoni wamepungua na mapato hayalishi watu na wanyama pamoja. Biashara ya kuwafuga nyumbani kama wanyama wa kuchezea nayo ilienea Asia kiasi kwamba mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina mbili za huko, ikiwemo hiyo ya wavuvi wa Bangladesh.

Kuhusu sumu nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa linaingia tumbo la wanao. Uingereza waliwinda fisi maji kwa mbwa kwa karne nyingi. Wafalme waliajiri watu maalumu wa kuwaua ili walinde mabwawa ya samaki. Kwa karne zote hizo mnyama hakwisha. Kilichokaribia kummaliza ni dawa ya wadudu iitwayo dieldrini, iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 1950 kwenye mbegu na kuogeshea kondoo. Haikulengwa kwake. Iliingia mtoni, ikaingia kwa wadudu, kutoka wadudu ikaenda kwa samaki, na kila hatua ikajilimbikiza katika mafuta ya mwili, hadi ikamfikia mla samaki wa mwisho. Ndani ya miaka michache alitoweka katika sehemu kubwa ya Uingereza. Alilindwa kisheria mwaka 1978, dawa zile zikaondolewa, na ilichukua hadi mwaka 2011 kuthibitika kwamba amerudi katika kila kaunti.

Jiulize nani mwingine ni mla samaki wa mwisho pale Ukerewe. Samaki mmoja uliyempaka dawa ya kuulia wadudu akichomoka wavuni, hujui ataliwa na nani. Anaweza kuokotwa na mtoto ufukweni. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 nayo inakataza kutumia sumu majini, na soko likisikia samaki wa mwalo fulani wana sumu, wavuvi wote wa mwalo huo wamekwisha. Mwambie jirani yako hivyo hivyo.

Basi tufanye nini? Anza na saa, kwa sababu haikugharimu chochote. Fisi maji mdogo ni mwindaji wa mchana. Ukitega saa kumi na moja jioni na kuinua saa mbili asubuhi, unampa nafasi mbili: jioni kabla giza halijaingia, na asubuhi tangu kupambazuke. Tega giza likishakolea, na inua kama saa kumi na moja alfajiri. Huko ni kazi ya gizani, kwa hiyo usiende peke yako, vaeni jaketi okozi na muwe na taa.

Kisha mahali. Sogeza nyavu mbali na mawe na matete, angalau mita 100, na zaidi ikiwezekana, kwenye maji marefu zaidi. Huyu hapendi kuwinda mbali na ufukwe wenye maficho. Najua utaniambia samaki wako wako maweni. Lakini linganisha kilo zinazofika sokoni, usilinganishe kilo zinazonasa. Samaki kumi walionasa na sita wakaliwa ni wanne, na shimo la kushona juu yake.

Usitupe matumbo na vichwa vya samaki karibu na rasi. Hilo ni kosa la kawaida sana, na linamzoesha mnyama kusubiri mitumbwi. Kama unatumia timba (wavu wa uzi mmoja wa plastiki), iache, kwanza ni haramu, pili uzi wake mwembamba hauonekani majini, fisi maji ananasa na kufa na wewe unapoteza wavu mzima. Wavu uliopotea nao utafute hadi uupate, kwa kuwa unaendelea kuua bila faida kwa mtu.

Migono ina hatari ya peke yake. Fisi maji akiingia kumfuata kambale hapati njia ya kutokea, na kwa kuwa anavuta hewa kama mimi na wewe, anakufa maji ndani ya dakika chache huku akibomoa mgono kwa hasira. Uingereza mitego ya mikunga hulazimika kuwa na kizuizi mdomoni chenye nafasi zisizozidi milimita 85. Mnyama wako ni mdogo kuliko wa kwao, kwa hiyo nafasi iwe finyu zaidi: anza na milimita 60 hadi 70. Tengeneza kwa waya mgumu au vijiti vya mwanzi, ufunge imara kwenye mdomo wa nje, maana kizuizi kinacholegea kinasukumwa kwa kichwa. Utakosa kambale wachache wakubwa sana, huo ndio ukweli. Jaribu kwenye migono miwili kwanza.

Vizimba ndivyo rahisi kulinda, na ajabu ni kwamba wengi hawavilindi. Wavu mmoja hautoshi, kwa sababu samaki hulala wakiuegemea na fisi maji huwang'ata kutoka nje bila hata kuingia. Weka wavu wa pili wa nje, wa uzi mnene, wenye matundu ya milimita 25 hivi, ukiacha nafasi ya angalau nusu mita kati yake na wa ndani. Nafasi hiyo ndiyo kinga. Ufungie vizito chini ili ubaki umekazwa, kwani wavu uliolegea husukumwa hadi ukagusana na wa ndani, na pia ni mtego wa kuua. Upitishe chini ya kizimba usiache tumbo wazi. Juu funika kwa wavu uliokazwa, uinuke kama nusu mita juu ya maji, maana fisi maji hupanda fremu kama ngazi. Samaki waliokufa watolewe kila asubuhi, harufu yao huita wengi.

Wenye mabwawa ya nchi kavu wanaosoma hapa wanahitaji uzio wa waya wa kusuka, urefu wa mita 1.2 au zaidi, uliochimbiwa sentimita 30 hadi 50 na kukunjwa kuelekea nje chini ya udongo, na juu nao upinde kuelekea nje. Bila kuuchimbia umepoteza pesa, atapita chini usiku wa kwanza. Mlango ndio huacha mwanya. Weka zege au jiwe bapa chini yake.

Usitumie pesa kwa redio, taa za kumweka au sanamu. Zinafanya kazi siku chache, kisha mnyama anazizoea. Mbwa naye usimtumie: akimfuata fisi maji hadi maji marefu, mbwa ndiye atakayeumia.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnyamapori yeyote wa jamii ya wanaonyonyesha watoto wao anaweza kuubeba. Fisi maji anayetembea ovyo ufukweni, haogopi watu, mate yanamtoka: kaeni mbali, toeni taarifa kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) au afisa mifugo. Samaki wakifa wengi kwa pamoja bila alama za meno, huyo si fisi maji kabisa, mwite afisa uvuvi apime maji. Na kama umefanya haya yote kwa mwezi mzima na hasara haijapungua, ripoti kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Wao ndio wenye mamlaka ya kumhamisha au kumdhibiti mnyama, wewe na mimi hatuna.

Kabla ya hapo, fanya jaribio la usiku 14. Wavu mmoja uache ulipokuwa, mwingine usogeze na ubadili saa. Kwenye daftari andika kila siku: saa ya kutega, saa ya kuinua, matundu mapya mangapi, samaki walioliwa wangapi, kilo zilizouzwa. Nenda na daftari hilo kwa afisa, atakusikiliza tofauti na anayekwenda na malalamiko tu.

Na kijana wako usimvunje moyo, ameonyesha anapenda kuangalia. Madoa ya shingoni ya fisi maji hawa hayafanani, kila mmoja ana yake. Mpe simu, akae jioni kwenye mtumbwi umbali wa mita 30 au zaidi, bila kuwafuata, apige picha kila vichwa vinapoinuka. Baada ya wiki mbili alinganishe madoa. Huenda mkagundua kundi lote mnaloliogopa ni mama mmoja na watoto wawili, wenye jiwe moja la kupumzikia, na kwamba ni wavu mmoja tu kati ya nyavu zenu zote ulio mbele ya jiwe hilo.